Miraba Thelathini, Mitindo Saba: Uchambuzi wa Kisa cha Mfarishi wa Harusi

Usuli

Karakana yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba katika mji mmoja wa pwani: cherehani mbili za kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na gunia la mabaki ya vitenge. Fundi ni mwanamume wa makamo aliyeshona kanzu, madera na sare za shule kwa miaka mingi. Ana mwanagenzi mmoja, binti aliyemaliza kidato cha nne. Majina, mji na tarehe nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu karibu kila kilichofaulu na kilichoharibika katika kazi hii kilitokana na vipimo.

Mteja ni khalati wa bi harusi, anaishi Marekani. Huko alizoea kuona mifarishi ya viraka vitandani na ukutani, akataka mmoja uwe zawadi ya mpwa wake. Alituma picha saba kwa simu, kila moja ya mtindo wake, na ujumbe wa sauti: "Fundi, nataka yote haya kwenye mfarishi mmoja, lakini mtu akiuona ajue ni wa kwetu."

Kwa asiyeifahamu kazi hii: mfarishi una tabaka tatu, yaani uso, tabaka la katikati na mgongo. Uso hujengwa kwa miraba, na kila mraba huungwa kwa vipande vidogo vinavyotoa umbo fulani. Karakana waliyapa maumbo majina yao ili wasigombane na Kiingereza kila saa. Nine Patch, yenye vipande tisa vya mraba, ikawa Tisa. Log Cabin, yenye fito zinazozunguka kitovu, ikawa Nyumba ya Magogo. Ohio Star na Sawtooth Star zikawa Nyota ya Ohio na Nyota ya Msumeno. Churn Dash wakaiita Kinu, Bear's Paw ikawa Wayo wa Dubu, na Flying Geese, zile pembetatu zinazofuatana, wakaziita Mabata.

Fundi alikubali kazi siku hiyohiyo na akataja bei ya shuka la kupambia kitanda. Bei hiyo tutairudia mwishoni.

Mpango wa kwanza

Fundi alianza na rangi, kama wengi wanavyofanya. Alichambua gunia akatoa vitenge vya machungwa, kijani na zambarau, akaamini kwamba rangi hizo tatu zikirudiwa kila mahali, mitindo saba itashikana. Ukubwa wa miraba hakuutilia maanani. Kila umbo alilikata kwa kadiri alivyoliona kwenye picha: Nyota inchi 9, Nyumba karibu inchi 14, Kinu katikati ya hapo.

Miraba minne ya majaribio ilipotandazwa juu ya mkeka, kasoro mbili zilionekana. Kwanza, hakuna mraba uliokaa sawa na mwenzake. Pili, Nyota ya Ohio haikuonekana kabisa. Vipande vyake vilishonwa vizuri na ncha zake zilikuwa kali, lakini jicho halikuiona nyota. Binti alipiga picha kwa simu, akaondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, akamwonyesha Fundi: machungwa na kijani vilikuwa vimekolea kwa kiwango kilekile. Rangi zilitofautiana kwa jina tu. Katika picha isiyo na rangi, mraba mzima ulikuwa kijivu.

Huo ndio ugunduzi mkubwa wa kisa hiki, na ulifanywa kwa simu ya kawaida. Umbo la mraba huonekana kwa tofauti ya kukolea na kupoa. Rangi huja baadaye.

Uamuzi wa futi moja

Kitanda cha bi harusi kilikuwa cha futi tano kwa sita. Binti ndiye aliyeuliza: kwa nini kila mraba usiwe futi moja? Miraba mitano kwa sita, jumla thelathini, ingefunika godoro sawasawa. Kitakachozidi kingening'inia pembeni.

Inchi 12 ina faida nyingine. Hugawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila kubakiza kitu. Tisa, Nyota ya Ohio na Kinu zote hujengwa kwa kugawa upande mara tatu, kwa hiyo kipimo chao cha ndani ni inchi 4. Nyota ya Msumeno hugawa mara nne, kipimo chake ni inchi 3. Nyumba ya Magogo haina masharti: kitovu cha inchi 2 na raundi tano za fito za inchi 1 kila upande hutoa inchi 12 kamili.

Kilichokataa ni Wayo wa Dubu. Umbo hilo hugawa upande mara saba, na 12 kwa 7 haitoi namba inayosomeka kwenye tepu ya fundi yeyote. Walikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuifanya miraba yote iwe inchi 14: hapo Wayo ungekuwa na kipimo cha inchi 2, lakini mitano ingefika inchi 70 na hesabu ya kitanda ingevurugika. Ya pili, kuuacha kabisa. Ya tatu, kuukata kwa kipimo cha inchi 1½, ambacho mara saba ni inchi 10½, kisha kuuzungushia fremu ya robo tatu ya inchi kila upande ili ufike 12. Mteja aliupenda sana Wayo, kwa hiyo wakachukua njia ya tatu, wakashona mmoja tu.

Pamoja na futi, Fundi aliweka sharti la pili: usuli wa kila umbo uwe kitambaa cha marekani, kile cha rangi ya maziwa ambacho katika karne ya 19 kililetwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts. Vitenge vyovyote vingeweza kucheza juu yake, mradi viwe vimekolea.

Kuupanga kama kanga

Lilibaki swali la mpangilio. Miraba yenye maumbo makali ikikaa bega kwa bega, ncha za nyota moja huungana na pembe za mraba wa jirani na kuzaa umbo la tatu ambalo hakuna aliyelikusudia. Mazoea ya Marekani ni kutenganisha miraba kwa mikanda. Fundi alikataa, kwa sababu mkanda wa hata inchi 2 ungeongeza inchi 8 kwa upana na 10 kwa urefu, na ile hesabu ya futi ingepotea.

Badala yake walipanga miraba kama bao la drafti. Kumi na tano ilikuwa ya kusema na kumi na tano ya kunyamaza. Iliyonyamaza yote ilikuwa Tisa, iliyoshonwa kwa kisutu na marekani tu. Kisutu, kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina nakshi ndogo inayorudiarudia, hivyo hata kipande cha inchi 4 hubaki kutambulika. Katika ile ya kusema kulikuwa na Nyumba nne, Nyota za Ohio nne, za Msumeno tatu, Vinu vitatu na Wayo mmoja.

Bao la tano kwa sita halilingani juu na chini: safu moja ya mwisho hupata miraba mitatu ya kusema, na ile ya upande wa pili miwili. Fundi aliweka safu ya mitatu miguuni, kwa sababu kichwani mito ingeifunika.

Kisha ukaja uamuzi ambao kwangu ndio uliotimiza ombi la mteja. Fundi alisema, "Kanga ina pindo, mji na jina. Na huu uwe hivyo." Miraba thelathini ikawa mji, yaani sehemu ya katikati. Kuuzunguka kukawa na ukanda wa inchi 3, na nje yake pindo la inchi 9 lililokatwa kwenye pindo la kisutu chenyewe na kuungwa katikati ya kila upande, maana urefu wa kanga haukutosha. Jumla ikawa inchi 84 kwa 96. Mabata kumi yaliwekwa kwenye ukanda wa kichwani. Ukanda wa miguuni ulipata jina, yaani maandishi ya kanga, katikati, inchi 24, na Mabata matatu kila upande. Kanda mbili ndefu za ubavuni ziliachwa tupu kwa sababu siku zilikuwa zimebaki chache.

Robo inchi

Tisa sita na Nyumba nne zilishonwa mwanzo. Kila mraba kabla ya kuungwa na mwenzake ulitakiwa kupima inchi 12½: futi yenyewe na robo inchi kila upande ya kuingia kwenye mshono. Tisa zilipima 12¼. Nyumba zilipima 11¼.

Fundi alishuku pasi, kisha akashuku vitenge kuwa vimeruka, yaani vimesinyaa, ingawa vyote vilikuwa vimefuliwa kabla ya kukatwa. Tena, kama ni kuruka, kwa nini Nyumba ziruke mara tano ya Tisa? Binti alihesabu mishono. Tisa ina mishono miwili kutoka ukingo hadi ukingo, Nyumba ina kumi. Kila mshono ulikuwa umekula moja ya nane ya inchi zaidi ya inavyopaswa: miwili ni robo, kumi ni inchi moja na robo. Hesabu ikafunga.

Chanzo kilikuwa mazoea. Fundi wa nguo huacha akiba ya nusu inchi hadi inchi nzima ili gauni likibana lifunguliwe, na akikosea kidogo hakuna anayejua. Mifarishi hushonwa kwa akiba ya robo inchi, na robo hiyo ni sehemu ya hesabu. Fundi aliegemeza kitambaa kwenye ukingo wa mguu wa cherehani akidhani ni robo. Ulikuwa umezidi kwa 1/16, na kwa kuwa mshono hula vipande viwili kwa pamoja, hasara ilikuwa mara mbili.

Tiba ilikuwa kipande cha plasta kilichobandikwa kwenye bamba la cherehani, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, ili kitambaa kiegemee hapo. Tisa sita zilifumuliwa zote. Nyumba zilifumuliwa raundi ya mwisho tu: sehemu iliyobaki ilipima inchi 9½, na fito mpya zilikatwa inchi 2 badala ya 1½ kuziba pengo. Nyumba hukubali matengenezo ya namna hiyo. Nyota haikubali, kwa sababu ncha zake zinafika ukingoni: ukipunguza ukingo, umezikata. Ilikuwa bahati kwamba hakuna hata nyota moja iliyokuwa imeshonwa.

Fito hizo pana zilileta jambo lao. Zilikatwa kutoka kanga moja kuukuu ya mama wa bi harusi, yenye jina WEMA HAUOZI, na mkasi ulipita bila kutazama. Mraba mmoja ulipogeuzwa uso juu, ukutani mwa Nyumba palisomeka UOZI, kwenye zawadi ya harusi. Ilibadilishwa kabla mama mtu hajapita dukani. Kwa kuwa kanga huuzwa doti, pacha wake alikuwepo na jina lake zima, na hilo ndilo lililokatwa kwa uangalifu na kuwekwa kwenye ukanda wa miguuni.

Kuunganisha tabaka

Mteja alitaka tabaka la katikati liwe la polista, nene kama alilolizoea. Fundi alimjibu, "Bibie, huku watu hulala na feni." Wakatumia shuka jepesi la pamba, na mgongo ukawa vitenge viwili vilivyoungwa. Bandi, mishono ya muda ya kushikilia tabaka, zilipigwa kwa umbali mkubwa kuokoa muda, kisha mistari ikashonwa kwa cherehani kufuata mishono ya miraba. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini na mguu huzuia cha juu, kwa hiyo mikunjo midogo ilijitokeza mgongoni kwenye makutano. Haikufumuliwa.

Matokeo

Mfarishi ulifika siku moja kabla ya harusi. Mji ulikaa juu ya godoro ukingo kwa ukingo, pindo likaanguka kuta tatu. Waliokuja kutazama chumba cha bi harusi waliutambua kama kanga kubwa kabla hawajaona kwamba ni viraka, na khalati aliambiwa hivyo kwa simu na watu kadhaa.

Ulipofuliwa mara ya kwanza, marekani iliyo jirani na pindo ilipata wekundu. Doti ya kwanza ya kisutu ilifuliwa kabla ya kukatwa. Iliisha kabla ya pindo kukamilika, ya pili ikanunuliwa haraka na kukatwa ikiwa na dawa yake ya dukani. Kuufua tena kwa maji mengi ya baridi kulipunguza wekundu, haukutoka wote.

Uchambuzi

Kilichoshikilia mitindo saba ni vitu viwili vilivyowekwa bila kuyumba: futi na marekani. Vyote vingine viliachwa huru. Nasisitiza hili kwa sababu ushauri unaosikika sana ni wa kuchagua rangi tatu au nne na kuzirudia, na jaribio la kwanza lilifuata ushauri huo likaanguka. Ukiwa na kipimo kimoja na usuli mmoja uliopoa, rangi zinaweza kuwa ishirini. Mfarishi huu ulikuwa na vitenge vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu na haukuchosha jicho.

Miraba iliyonyamaza ilifanya kazi kubwa kuliko inavyopewa sifa. Anayebuni hupenda kujaza kila nafasi kwa umbo jipya, hasa akiwa na picha saba mkononi. Nusu ya mji kuwa Tisa ileile kulizipa nyota mahali pa kuonekana, na kulipunguza idadi ya miraba migumu ya kukata.

Wayo wa Dubu ulipaswa kuachwa. Hesabu yake ilitatuliwa kwa ustadi na fremu ilikaa vizuri, lakini pembetatu za inchi 1½ zilikatwa kwenye kitenge chenye maua makubwa kama sahani. Kwenye kipande kidogo kiasi hicho ua halionekani, hubaki doa. Kwa mbali mraba ule unaonekana kama uliomwagikiwa chai. Kama mteja angeshikilia, kitambaa cha rangi moja kingeuokoa. Vilevile ulikuwa peke yake: mtindo unaotokea mara moja kati ya miraba thelathini huonekana kama umepotea njia.

Kosa la Mabata ni la mpangilio. Kumi yalishonwa kichwani, mahali ambapo Fundi mwenyewe alijua kwamba mito hufunika, maana ndiyo sababu aliyoitumia kuchagua safu ya miguuni. Ubavuni, ambako mtu akiingia chumbani hupaona kwanza, ukanda uliachwa tupu. Idadi ileile ikigawanywa matano kila ubavu ingeonekana yote.

Kuna watakaosema kwamba futi na hesabu zote hizi si lazima, na wana hoja. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, ambao mifarishi yao ilionyeshwa katika makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, wana umbo liitwalo Housetop, ndugu wa Nyumba ya Magogo, linalokua kutoka katikati kwa vipande vya upana wowote. Karibu zaidi na sisi kwa damu ni Wasiddi wa Karnataka, India, wazao wa watu waliotoka Afrika. Mfarishi wao, kawandi, huanzwa kwenye kingo na kushonwa kwa mkono kuelekea katikati, kila kiraka kikifuata kilichotangulia. Kwa gunia la mabaki, kawandi ingekuwa njia rahisi kuliko yote. Lakini mteja huyu alitaka nyota zenye ncha, na ncha hazipatikani kwa kukisia.

Kuhusu bei: mfarishi ulikuwa na vipande zaidi ya 500. Tisa kumi na tano pekee ni vipande 135. Nyumba moja ina vipande 21, na Nyota ya Ohio idadi hiyohiyo. Msumeno na Kinu ni 17 kila mmoja. Wayo ule mmoja, pamoja na fremu yake, una 49. Kila kipande hukatwa, hushonwa na hupigwa pasi, na hakuna shuka la kupambia kitanda lenye kazi hiyo. Fundi alipata faida kiduchu, na siku za binti hazikuingia kwenye hesabu kabisa. Mteja wa pili alipokuja na picha zake, walimpa kiti, wakachukua daftari wakahesabu vipande vya kila mraba mbele yake, ndipo wakataja bei. Alipunguza mitindo kutoka mitano hadi mitatu palepale.